Kusomea urubani wa kulipwa: jinsi ya kulinganisha njia na gharama bila kupigwa

Swali ambalo kila mtu anaanza nalo ni "shule gani ina bei nafuu", na ni swali bovu, maana shule mbili zinaweza kukutajia bei mbili za vitu visivyofanana hata kidogo, moja inakufikisha kwenye leseni ya biashara halafu inakuacha mlangoni, nyingine imeshaweka humo simuleta, ada za mitihani na saa za injini mbili. Namba ya maana ni moja tu: mpaka siku unakaa kiti cha kulia (cha rubani msaidizi) na mshahara wa kwanza unaingia, utakuwa umetoa shilingi ngapi jumla. Ukishika hiyo, brosha haikusumbui tena.

Hatua ya 1: pima afya kabla hujalipa chochote

Hii wengi wanairuka, sijui kwa nini. Rubani wa kulipwa lazima awe na cheti cha afya daraja la kwanza, na kinatolewa na daktari wa anga aliyeidhinishwa na mamlaka, sio daktari yeyote tu wa hospitali. Wanaangalia macho, uwezo wa kutofautisha rangi, masikio, moyo, damu, mkojo na historia yako ya afya ya akili. Miwani sio tatizo kama ukiivaa unaona vizuri. Kinachokata watu kimya kimya ni rangi, mtu ameishi miaka 20 hajui kwamba nyekundu na kijani vinamchanganya mpaka anafunuliwa kile kitabu cha vidotidoti.

Usikubali shule ikwambie "anza na daraja la pili, la kwanza utapima baadaye". Daraja la pili linatosha kwa leseni binafsi, kwa hiyo unaweza kumaliza nusu ya ada ndio ugundue huwezi kulipwa kwa kazi hii. Kapime la kwanza, na upime kwa mamlaka ileile itakayokupa leseni. Baada ya hapo ni kupima tena kila miezi 12, na ukishafika miaka 60 kila miezi 6, kwa hiyo hiyo ni gharama ya maisha yote ya kazi.

Hapohapo malizana na Kiingereza. Viwango vya ICAO (shirika la kimataifa la usafiri wa anga) vinaanzia 1 mpaka 6, na rubani wa kimataifa anatakiwa angalau awe na 4. Ukipata 4 unapimwa tena ndani ya miaka 3, ukipata 5 ni miaka 6, ukipata 6 umemaliza kabisa.

Hatua ya 2: chagua leseni, ndio uchague shule

Leseni inatolewa na mamlaka ya nchi, shule yenyewe haitoi. ICAO imeweka viwango vya chini kwenye Kiambatisho cha 1, lakini kila mamlaka inajenga juu yake kivyake, na leseni ya huku haitambuliki moja kwa moja kule. Leseni ya FAA (mamlaka ya anga ya Marekani) haikupi kazi kwenye ndege iliyosajiliwa Ulaya, utakaa mitihani yote ya nadharia ya EASA (mamlaka ya anga ya Ulaya), utapima afya upya na kufanya mtihani wa angani. Hata Uingereza na EASA ziliachana tangu mwanzo wa 2021, shule ya Uingereza siku hizi inaweza kukufundishia leseni ya Uingereza, au ya EASA, au zote mbili kwa ada ya ziada. Usipouliza unaweza kumaliza ukiwa na ile usiyoihitaji.

Kwa hiyo jiulize kwanza: nitakuwa na haki ya kuishi na kufanya kazi wapi? Urubani ni kazi kama nyingine, kibali cha kazi ndio kinaamua. Kusoma nchi ya bei nafuu ni sawa kabisa, ila bei ya kuhamisha leseni iandike kwenye hesabu mapema, mitihani, saa za ndege, mtihani wa angani, nauli, na miezi unayokaa bila kazi.

Hatua ya 3: zijue njia zenyewe

Ulaya na kwa wanaofuata mfumo kama wake kuna njia kubwa mbili. Ya kwanza ni njia ya pamoja: unaingia hujui kitu, unatoka na leseni ya biashara, idhini ya kuruka kwa vyombo (bila kutegemea kuona nje) na nadharia yote ya ATPL (leseni ya juu kabisa, ya rubani wa shirika la ndege), shule moja, full time, miezi kama 18 hadi 24. Kwa EASA kozi hiyo inataka angalau saa 195, ambazo sehemu yake inafanyika kwenye simuleta. Bei yake ndio ile inayotisha, mara nyingi inakaribia au kupita dola 100,000. Unacholipia ni ratiba, sare, jina la shule na mlango wa mashirika ambayo shule inajuana nayo. Wakati mwingine huo mlango upo kweli, wakati mwingine ni picha tu kwenye brosha.

Ya pili ni njia ya moduli, yaani unanunua vipande. Leseni binafsi (PPL) kwanza, angalau saa 45. Halafu nadharia, ambayo unaweza kuisoma kwa mbali huku unafanya kazi yako. Halafu unakusanya saa mwenyewe, unaingia idhini ya vyombo na injini mbili, kisha leseni ya biashara (CPL) ambayo inataka uwe na saa 200 jumla, 100 kati yake ukiwa rubani mkuu wa ndege, pamoja na safari moja ya kilomita 540 yenye kutua viwanja viwili tofauti. Mwishoni leseni ni ileile, haijaandikwa popote kwamba huyu alipita moduli. Ni nafuu kwa kiasi kikubwa, na faida kubwa zaidi ni kwamba unaweza kusimama. Pesa ikikata baada ya PPL una PPL mkononi, kwenye njia ya pamoja pesa ikikata katikati unaweza kuondoka na daftari la saa na hasira.

Nadharia usiidharau. Ni mitihani 13, alama ya kufaulu ni 75%, una miezi 18 ya kumaliza yote tangu ulipokaa wa kwanza, na mtihani mmoja huruhusiwi zaidi ya mara 4. Ukishamaliza una miezi 36 ya kupata CPL na idhini ya vyombo, la sivyo nadharia inaoza na unaanza upya. Watu wa moduli wanaumia hapa: anafaulu vizuri, anasimama kutafuta hela ya injini mbili, kushtuka miaka mitatu hiyo imeisha.

Marekani ni dunia nyingine. PPL ni saa 40 za chini kwa shule za kawaida, CPL ni saa 250, au 190 kwa shule zilizoidhinishwa kwa mtaala maalum. Mtihani wa nadharia ni mwepesi kuliko Ulaya na ndege za mazoezi zipo nyingi. Ila huwezi kukaa kwenye ndege ya shirika la abiria la ratiba mpaka ufikishe saa 1,500, (1,000 ukiwa na digrii ya urubani ya chuo kilichoidhinishwa, 1,250 kwa diploma ya miaka miwili, 750 kwa rubani wa jeshi). Sheria hii ilitokana na ajali ya ndege ya Colgan Air, safari namba 3407, karibu na Buffalo, Marekani, mwaka 2009, watu 50 walikufa, na jambo ambalo watu wa anga hawaachi kulibishania ni kwamba marubani wote wawili walikuwa wameshapita saa 1,500. Anyway, sheria ndio hiyo. Kuanzia 250 mpaka 1,500 wengi wanakuwa wakufunzi, unalipwa kidogo huku unaandika saa, na ukifika huko mashirika mengi yanakulipia mafunzo ya aina ya ndege utakayorusha.

Sasa kama wewe sio raia wala mkazi wa Marekani, hapo ndipo hesabu inageuka. Kwanza unahitaji ruhusa ya usalama ya TSA (idara ya usalama wa usafiri ya Marekani) kabla ya kuanza. Pili viza: ya M-1 (ya kozi za ufundi) inakupa muda mfupi sana wa kufanya kazi baada ya kozi, haizidi miezi 6, F-1 (ya masomo ya chuo) inaweza kukupa miezi 12. Kuandika saa zaidi ya 1,000 kama mkufunzi ndani ya mwaka mmoja inawezekana kama hali ya hewa na wanafunzi wakikubali, ndani ya miezi michache sahau. Shule ikikwambia "utafundisha hapa hapa ukimaliza", waulize kwa viza gani.

Halafu kuna kadeti. Shirika la ndege linakuchagua kabla hujaanza, linakupeleka shule yao. Kadeti ziko aina tatu na zote zinaitwa jina hilohilo. Kuna ambayo shirika linalipa kila kitu, kama British Airways walivyofanya na Speedbird Pilot Academy tangu 2023, na waombaji ni wengi mno kuliko nafasi. Kuna ambayo shirika linadhamini mkopo halafu unakatwa kwenye mshahara huku umefungwa bondi ya miaka kadhaa. Na kuna ambayo unalipa mwenyewe asilimia mia, shirika limetoa nembo tu na ahadi ya "kufikiriwa". Hiyo ya tatu ni njia ya pamoja iliyovaa sare.

Kadeti wengine wanapewa MPL (leseni ya kurusha ndege za marubani wawili) badala ya CPL. ICAO iliianzisha 2006, ni saa 240 lakini nyingi ni za simuleta, na tangu mwanzo unafundishwa kuruka wawili kwa taratibu za shirika moja. Mafunzo yenyewe ni mazuri kweli, lakini shirika likifilisika au likifunga ajira kabla hujamaliza unabaki na leseni ambayo haikuruhusu hata kubeba abiria kwa malipo kwenye kindege kidogo peke yako. FAA haitoi kabisa leseni hii. Usiguse MPL bila mkataba wa ajira ulioandikwa.

Jeshi: hulipi, lakini unalipa kwa miaka, na sio wewe unayechagua utarusha nini. Kama unataka jeshi nenda jeshini, kama unataka tu mafunzo ya bure utachoka mapema.

Hatua ya 4: piga hesabu kwa pointi, sio kwa bei ya brosha

Hapa ndipo nataka ukae na karatasi. Bei zinabadilika kila mafuta yakipanda, kwa hiyo tumia uwiano. Tuseme saa moja ya ndege ya injini moja ni pointi 10, mkufunzi pointi 4, simuleta na mkufunzi pointi 12, ndege ya injini mbili na mkufunzi pointi 30. Baadaye utaweka namba za shule yako, mfano tu huu.

Brosha inasema PPL ni saa 45. Watu wengi wanamaliza kwenye 60 hivi au zaidi, hasa wanaoruka mara moja kwa wiki. Saa 45 kwa 14 ni 630, saa 60 ni 840, mtu anaona 210 zimepotea anaanza kulia. Subiri. Kwenye moduli unahitaji saa 150 jumla ndio uingie kozi ya CPL. Yule wa 45 atakusanya 105 peke yake kwa 10, ni 1,050, jumla 1,680. Yule wa 60 atakusanya 90, ni 900, jumla 1,740. Tofauti halisi ni 60 tu, yaani pesa ya mkufunzi kwa zile saa 15, maana saa zenyewe angezilipia tu. (Na saa za kuwa rubani mkuu zinatosha, 10 za peke yako ndani ya PPL na 90 za kukusanya ni 100 kamili.)

Sasa hama kwenye injini mbili. Ukichelewa kuiva kwenye kuruka kwa vyombo na ukaongezwa saa 10 kwenye ndege ya injini mbili, hizo ni pointi 300, mara tano ya yule aliyechelewa PPL. Na hapa ndipo watu wanapofilisika, sio kule mwanzoni wanakoogopa. Kwa hiyo usibane senti kwenye simuleta, saa za pointi 12 zitumie mpaka taratibu za kukaribia uwanja uzifanye ukiwa umelala, ndio upande kwenye ile ya 30. Mtu anayeingia injini mbili bado anatafuta frikwensi na chati iko magotini anachoma pesa mbichi.

Kwenye njia ya pamoja hiyo faraja ya saa 15 haipo, saa zako zimehesabiwa, kila ya ziada ni invoisi mpya juu ya bei uliyokubali. Uliza ya ziada ni bei gani, na ni asilimia ngapi ya wanafunzi wanamaliza bila ya ziada. Wakibabaika umeshajibiwa.

Marekani kuna ujanja halali wa kukusanya saa: mmoja anavaa kizuizi cha macho anaruka kwa vyombo, mwenzake anakaa kama rubani wa usalama anayeangalia nje, na wote wawili mnaweza kuandika hiyo saa kama rubani mkuu, gharama mnagawana nusu kwa nusu. Lakini kama mpango ni kuhamia EASA usizitegemee hizo saa za rubani wa usalama, kule mfumo huo haupo.

Hatua ya 5: soma kotesheni mstari kwa mstari

Uliza saa inapimwaje. Ndege nyingi ndogo zina mita mbili. Ile ya Hobbs kwa kawaida inaanza kutembea injini ikiwaka na presha ya oili ikipanda, inahesabu dakika kwa dakika hata ukiwa umesimama unasubiri ndege tatu mbele yako zipae. Takometa inahesabu kwa mizunguko ya injini, ukiwa unatambaa ardhini inaenda polepole, inakimbia sawa na saa ya ukutani ukiwa kwenye kasi ya safari tu. Safari ileile Hobbs inaweza kuandika 1.2 na takometa 1.0. Kwa hiyo shule ya bei ya chini kwa Hobbs kwenye uwanja wenye foleni inaweza kuwa ghali kuliko ya bei ya juu kwa takometa kwenye uwanja mtulivu. Ulizia hilo tu, wataona unajua unachouliza.

Halafu, bei ni pamoja na mafuta au bila? Kuna kiwango cha kuongeza mafuta yakipanda? Ada za kutua ni nani analipa, maana siku ya kufanya mizunguko ya kupaa na kutua unatua mara 8. Mkufunzi anachaji tangu anafungua mlango wa darasa au tangu injini inawaka? Mtihani wa angani una gharama tatu, mtahini, ndege, na ada ya mamlaka, na ukifeli unalipa tena pamoja na saa za marudio. Kodi imo?

Kisha nenda uone kwa macho. Hesabu ndege zinazoruka, sio zilizopakiwa. Ndege ya mazoezi inaingia gereji kila baada ya saa 50 na 100, shule yenye injini mbili moja tu ikienda gereji wanafunzi wote wanasimama, na ukikaa wiki tatu bila kuruka kwa vyombo unarudi na kutu, unalipia saa mbili za kujikumbusha. Usimuulize mtu wa masoko, kaa kantini ongea na wanafunzi waliofika hatua ya injini mbili, hao ndio wanajua foleni.

Hatua ya 6: jinsi ya kulipa

Usilipe yote mbele. Narudia, hata wakikupa punguzo la 10%. Shule za urubani zinafilisika, na ikitokea wewe ni mdai wa mwisho kwenye foleni nyuma ya benki na muuza mafuta. Lipa kwa hatua, au weka salio la wiki chache tu, na ikiwezekana tumia kadi yenye ulinzi au akaunti ya amana ambayo shule haigusi mpaka huduma itolewe. Mkataba uonyeshe ukiacha katikati unarudishiwa nini.

Mkopo: angalia kinachotokea wakati unasoma. Mkopo wa 60,000 kwa riba ya 10% kwa mwaka, ukipewa miaka miwili bila kulipa huku riba inaongezwa juu ya deni, siku ya kwanza ya kulipa unadaiwa 72,600. Na hiyo ni kabla hujapata kazi. Kama benki inakubali kutoa pesa kidogo kidogo kadiri unavyosonga, chagua hiyo, riba inakwenda kwenye ulichochukua tu. Mzazi akiweka nyumba dhamana mwambieni ukweli wote, pamoja na kwamba ajira ya marubani inapanda na kushuka, 2020 marubani wenye maelfu ya saa walikaa nyumbani.

Hatua ya 7: kilichobaki baada ya leseni

Hiki brosha haikitaji kabisa. Njia ya Ulaya utahitaji mafunzo ya kujiokoa ndege ikipoteza mkao (saa 3 za kuruka, lazima tangu mwisho wa 2019), na kozi ya kufanya kazi wawili, MCC. Ya kawaida ina saa 20 za simuleta, ile iliyoboreshwa ina 40 na mashirika mengi yanaipendelea. Kama bajeti inabana kata sehemu nyingine, hii usikate, maana usaili wa shirika ni kwenye simuleta ya jeti na anayetoka kozi ya 40 anaonekana.

Halafu idhini ya aina ya ndege, kawaida Airbus A320 au Boeing 737. Kuna mashirika yanalipa, yanayokata kwenye mshahara, na yanayotaka ujilipie, ni makumi ya maelfu ya dola. Usijilipie bila barua ya kazi, hata siku moja. Rubani mwenye idhini ya 737 na saa 200 bila shirika ni mtu mwenye deni kubwa zaidi tu, na idhini yenyewe ina tarehe ya mwisho.

Mwisho weka bajeti ya miezi ya kusubiri, angalau 12. Idhini ya vyombo inahuishwa kila mwaka, kwenye injini mbili, kwa ile bei ya pointi 30. Afya kila mwaka. Na saa mbili tatu za simuleta kabla ya kila usaili, kwa sababu wakikuita watakuita kwa taarifa ya siku chache, na mara ya mwisho uligusa usukani miezi minne iliyopita.